Kwa nini maada giza isiwe na chaji kidogo tu?

MwalimuNjombe
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha tano. Juzi nilipomaliza sheria ya Coulomb, ile ya nguvu kati ya chaji, binti mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono: "Mwalimu, ulisema maada giza, ile isiyoonekana ila kwa mvutano wake, ni kama mara tano ya maada ya kawaida. Je, haiwezi kuwa na chaji ndogo sana, chini ya ile ya elektroni, ndiyo maana hatuioni?" Nimemwahidi jibu Jumatatu. Sitaki kumwambia "haina chaji kwa sababu ni giza." Nani amepima, na alipimaje?

MawimbiFM
Mwalimu, huyo binti mpe hongera zangu. Mimi ni fundi mitambo wa redio, na swali lake nimelifuatilia tangu 2018 kwa sababu lilipita jirani kabisa na masafa ninayofanyia kazi.

Chaji kamili ilichunguzwa mapema. Mwaka 1990 wanafizikia De Rújula, Glashow na Sarid waliitafakari kwa kina. Chembe nzito yenye chaji ya protoni hunasa elektroni na kuwa kama haidrojeni, halafu inaingia kwenye maji. Watu wametafuta maji yenye haidrojeni ya uzito wa ajabu, hawajayapata.

Chaji ndogo ndiyo ngumu zaidi kuikanusha, na hapo ndipo EDGES inapoingia. Ni antena iliyosimikwa Murchison, Australia Magharibi, mbali na vituo vya redio. Haidrojeni hutoa na kufyonza mawimbi ya megahezi 1420. Yale ya enzi za nyota za kwanza yamevutwa na kutanuka kwa ulimwengu hadi kama megahezi 78, chini kidogo tu ya 87.5 ambapo FM inaanzia. Kila nikipanda mnarani nalikumbuka hilo. Mwaka 2018 timu ile ilitangaza kwamba mawimbi yamefyonzwa kwa nusu kelvini, zaidi ya mara mbili ya kilichotarajiwa. Gesi ikiwa baridi zaidi hufyonza zaidi, kwa hiyo gesi ilikuwa baridi mno. Nani aliipoza?

Mwanafizikia Barkana akasema huenda ni maada giza. Wenzake Muñoz na Loeb wakaonyesha kwamba inatosha chini ya asilimia moja yake iwe na chaji ya sehemu moja ya milioni ya elektroni. Athari ya chaji huzidi nguvu chembe zikienda polepole, na gesi ya wakati ule ilikuwa bado haijapashwa na nyota. Siku ile sikulala, nilisoma hadi alfajiri.

Kisha mipaka ikaanza kubana. Nyota iliyoonekana ikilipuka 1987, SN 1987A, ilituma nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, zilizonaswa na kitambuzi cha Kamiokande, Japani, kwa sekunde kama 12. Chembe nyepesi zenye chaji ndogo zingelibeba joto la kiini chake na kuzikatisha mapema. Na setilaiti ya Planck ilipima mwanga wa miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu: maada yenye chaji ingeliyumba pamoja na gesi ya moto, na alama yake ingelionekana. Sehemu ya maada giza iliyofungamana hivyo na gesi haizidi takriban asilimia 0.4.

Pigo la mwisho lilitoka India, 2022. Watu wa Raman Research Institute walielea na antena yao, SARAS 3, juu ya maziwa ya Karnataka, maana maji ni sakafu sawa kuliko udongo wenye mawe na tabaka. Ufyonzaji ule uliotangazwa na EDGES hawakuuona.

Kilindini_K
Fundi, swali. Si ingekuwa rahisi kuzinasa chembe hizo kwa vitambuzi vya chini ya ardhi, mambo yakaisha?

MawimbiFM
Hapana, ndugu yangu. Chenye chaji kinapindishwa na uga wa sumaku. Chuzhoy na Kolb walieleza 2009 kwamba mawimbi ya mshtuko ya nyota zinazolipuka yanaweza kuzifukuza chembe hizo kwenye bapa la galaksi yetu, na uga wa sumaku ukazizuia zisirudi. Kitambuzi kikikaa kimya, huenda ni kwa sababu hazifiki hapa. Ndiyo maana nauamini zaidi ushahidi wa mbinguni.

MwalimuNjombe
Ahsante sana, fundi. Nitaanza na 1420 kugawanya kwa 78, wapige hesabu wenyewe. Lakini namjua huyu mtoto, ataniuliza: na hiyo asilimia 0.4 iliyobaki je?

MawimbiFM
Mwambie inatafutwa. CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, kuna jaribio linaitwa milliQan, limewekwa kwenye handaki la kupitishia maji karibu na kitambuzi cha CMS. Wana nondo za plastiki zinazotoa mwanga chembe yenye chaji ikipita, na mwanga huo hufuata mraba wa chaji. Mpe hesabu hii: chaji ikiwa sehemu moja ya elfu ya elektroni, mwanga unapungua mara ngapi? Akishapata jibu ataelewa kwa nini wanahesabu fotoni, chembe za mwanga, moja moja.