Naomba ushauri: bronzi tuiandikeje isichanganywe na shaba?

Wakuu, naandaa faharasa ya metali na nimekwama kwenye bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine, mara nyingi bati (tin). Neno shaba limebebeshwa mno: shaba tupu, ile ya njano yenye zinki, medali ya mshindi wa tatu, hata Zama za Shaba. Kwa fundi, kosa hili ni ghali. Bushi (pete ambamo mhimili huzunguka) ya bronzi, takribani shaba 88 na bati 12 kwa mia, ikiagizwa kama "shaba" inaweza kuja shaba tupu, laini, ikalika upesi. Na si kila bronzi ina bati. Ya alumini mara nyingi haina. Medali za mshindi wa tatu za Olimpiki ya Tokyo 2020 nazo zilikuwa shaba na zinki!

Je, niandike "bronzi ya bati" na "bronzi ya alumini", "medali ya shaba" ibaki ilivyozoeleka? Au mafundi wataelewa zaidi "shaba-bati"?