Wakuu, bonsai inakauka juu na maonyesho yamekaribia. Naombeni ushauri wa haraka

KijanaWaChumbageni
Habari za muda huu wakuu. Niende moja kwa moja. Nina mti wa bonsai, umri wake si mdogo, uko kwenye sinia la udongo wa kuchoma, shina limejipinda mpaka ukipita lazima usimame. Sasa vijimajani vya juu vimeanza kupoteza rangi, vimekuwa vya kijivu, ukivishika vinakwaruza. Namwagilia asubuhi na jioni lakini hali inazidi kuwa mbaya.

Hapa Tanga tuna kikundi chetu cha wapenda bonsai. Tunakutana Jumapili Raskazone kwa mwenzetu mmoja, kila mtu anakuja na mti wake, tunafundishana kufunga waya, kupogoa, tunagawana miche ya mkwaju na mbuyu. Baada ya Idi tunafanya maonyesho, na mti huu ndio unatakiwa ukae meza ya mbele. Naomba kujua ni dawa gani inarudisha rangi haraka. Tusitukanane tafadhali.

Chumvi_Kidogo
Bonsai ndiyo ile miti ya kwenye filamu za karate, mzee anaikata kwa mkasi mdogo huku anamfundisha kijana kupigana?

Fundi Mkwaju
Mkuu, hujataja mti gani. Bonsai si aina ya mti, ni namna ya kuutunza. Kuna watu wana bonsai ya mkwaju, ya mbuyu, ya bogenvilia, ya mvinje huu wa ufukweni, na kila mmoja una dawa yake. Jibu haya kwanza: ni mti gani, unakaa ndani au nje, na mara ya mwisho kuguswa mizizi ni lini?

KijanaWaChumbageni
Ni wa jamii ya misonobari hivi. Unakaa sehemu nzuri tu. Mimi naulizia dawa, mkuu.

Babu wa Pangani
Mjukuu, mimi sina bonsai lakini nina mndimu. Niliupanda kwenye pipa lililokatwa, bibi yenu akasema hautazaa. Ukazaa! Ndimu ndogo lakini kali, samaki anajua. Halafu mbuzi wa jirani akaingia, na jirani mwenyewe ni shemeji yangu, tukaenda mpaka kwa mjumbe. Hadi leo hatusalimiani vizuri, sikukuu tu. Ninachotaka kusema ni kwamba mti unataka ardhi. Kuubana kwenye sinia miaka na miaka ni kuudhulumu kiumbe cha Mungu. Upande chini, utapona.

Chumvi_Kidogo
Babu, turudi kwa mbuzi. Nani alilipa?

Msomi wa Makorora
Babu, si dhuluma. Mti ukitunzwa sawasawa kwenye chungu unaweza kuishi kuliko wa msituni. Kuna msonobari mweupe wa familia ya Yamaki, ulianza kutunzwa mwaka 1625, bomu la Hiroshima la 1945 likalipuka wenyewe uko kilomita chache tu na ukapona. Mwaka 1976 Wajapani wakaupeleka Marekani kama zawadi, uko Washington mpaka leo. Kwa hiyo mleta uzi usikate tamaa, kama bomu halikuuweza huo...

Fundi Mkwaju
Huo ulikuwa nje nyuma ya ukuta, na wenyewe wanajua kuutunza. Wa kwetu huyu bado hajajibu maswali matatu.

MamaNasra
Mwanangu, mbona unakwepa? Ukienda hospitali ukaficha unapoumia utapewa panadol urudi nyumbani. Sema.

KijanaWaChumbageni
Sikwepi mama. Haya. Mti uko sebuleni, karibu na dirisha, kwa sababu nje jua la kaskazi lilikuwa linaunguza. Na ndiyo, nilibadilisha udongo. Lakini nilifuata utaratibu! Kuna mtaalamu wa Uingereza kwenye video, ana miti mamia, anasema kazi hiyo inafanywa mwanzoni mwa majira ya machipuko, Februari mpaka Machi, kabla macho ya mti hayajafunguka. Nikafanya Machi. Nikaosha mizizi kwa mpira wa maji ikawa safi kabisa, nikapunguza iliyozunguka, nikaweka mchanga mpya. Halafu Urea kidogo tu, kijiko cha chai, ili uchangamke. Sasa nimekosea wapi hapo? Yule ni mtaalamu.

Fundi Mkwaju
Mtaalamu yuko sahihi, tatizo yuko Uingereza.

Kule mti unatoka kwenye baridi. Miezi mingi umelala, chakula umekihifadhi kwenye shina na mizizi, majani ama hauna ama hayafanyi kazi kubwa, na hewa ni ya baridi na unyevu. Ukikata mizizi wakati huo mti hauna haja ya maji mengi, na siku zinaporefuka unachipua na kuziba pengo. Hata hivyo wenyewe baada ya kuhamisha wanaukinga na barafu ya usiku na upepo, na mbolea hawaweki mpaka wiki kadhaa zipite. Sasa wewe Tanga. Machi yetu ni joto kuliko karibu miezi yote, mti haukulala hata siku moja, majani yote yanadai maji, wewe umekata bomba. Kwetu huku subiri masika yashike, mawingu yawepo na hewa iwe nzito, ndipo uguse mizizi. Na miti ya jamii hiyo haioshwi mizizi yote kwa mpigo, unaacha udongo wa zamani upande mmoja, unamalizia safari nyingine. Theluthi ya mizizi ikitoka inatosha.

Wewe ulitoa kiasi gani? Na mchanga uliutoa wapi?

KijanaWaChumbageni
Nusu hivi. Labda zaidi kidogo, sinia lilikuwa halitoshi. Mchanga ni wa kawaida tu, wa hapa Sahare.

Fundi Mkwaju
Wa ufukweni?

KijanaWaChumbageni
Niliuosha.

Chumvi_Kidogo
Umeupikia mti pilau: chumvi, Urea, na moto wa Machi.

MamaNasra
Mimi bado nina swali langu. Mtu mti wake ukikauka anahuzunika. Wewe huhuzuniki mwanangu, wewe unaogopa. Mti wa nani huo?

KijanaWaChumbageni
Mama Nasra una macho ya ajabu.

Ni wa mwenyekiti wetu wa kikundi. Mzee wa watu, ndiye aliyetufundisha sote. Amekwenda Dar kutolewa mtoto wa jicho, yuko kwa binti yake anauguzwa, akaniachia funguo za nyumba na miti yote. Aliniambia nimwagilie. Lakini mimi niliona mizizi inatokeza chini kwenye matundu, nikasema nimfanyie jambo zuri akirudi akute kazi imeisha. Nia yangu ilikuwa njema, na mtu yeyote hapa angefanya hivyohivyo.

Na msinilaumu sana kwa sababu suluhisho ninalo. Kuna kitalu Dar wana mti unaofanana, nimeshawatumia 80,000 ya kuanzia. Nikiupogoa vizuri na kuufunga waya unakaa kwenye sinia lilelile. Nilichotaka kwenu ni dawa tu, ili huu usife kabla ule haujafika.

Msomi wa Makorora
Subiri. Mzee kaenda kutengenezwa macho, na wewe mpango wako ni kumdanganya kwa macho? Atarudi anaona kuliko wewe!

Babu wa Pangani
😂😂 Mimi nilifanyiwa hiyo ya jicho. Siku ya kwanza nilipofunguliwa bandeji niliona vumbi kwenye kabati ambalo bibi yenu amelificha miaka kumi. Mjukuu, huyo Mzee ataona mpaka alama za mkasi wako.

Ustadhi wa Mabawa
Ndugu yangu, hiyo ni amana. Amana ikiharibika mkononi mwako bila kukusudia, unamwambia mwenyewe, anaamua yeye kusamehe au kudai. Ukibadilisha kimya kimya sasa si bahati mbaya tena, ni udanganyifu, tena wa mgonjwa, tena mwezi huu. Mpigie simu leo.

KijanaWaChumbageni
Ustadhi nakuelewa, lakini presha yake haiko sawa na daktari kasema asishtuliwe. Mimi nalinda afya yake.

Mpelelezi_Nguvumali
Samahanini, nimesoma uzi wote. Hii ni chai, tena ya tangawizi.

Angalieni. Mwanzo "nina mti". Baadaye mti wa Mzee. Mwanzo "jamii ya misonobari hivi", mtu yuko kwenye kikundi cha bonsai hajui jina la mti wa meza ya mbele? Kama ni ile misonobari ya Kijapani, ilifikaje Tanga? Mmea hai hauingii nchi hii bila kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, TPHPA, wale wa mamlaka ya afya ya mimea, wapo mipakani na uwanja wa ndege. Halafu Dar nao wana pacha wake kitaluni, kwa bahati. Na picha hakuna. Mtu anaandika kisa tucheke, nanyi mnamtolea fatwa.

Chumvi_Kidogo
Mimi niliishuku pale kwenye mtoto wa jicho. Imekaa vizuri mno.

MamaNasra
Mpelelezi, hata kama kisa ni cha kutunga, mimi nimejifunza kuhusu mchanga wa baharini. Nina maua yangu yanakufa kila mwaka na sijui kwa nini.

KijanaWaChumbageni
Mnaniumiza. Sikuweka picha kwa sababu wenzangu wa kikundi wamo humu wataujua mti. Basi hizi hapa, tatu. Ya tatu ni tawi kwa karibu. Nimeziba sura ya nyumba.

Mshambaa_Mlalo
Nimeziona. Mpelelezi, huo mti haukupita uwanja wa ndege wowote. Huo ni MWANGATI. Tazama picha ya tatu: matawi ya chini yana vijani vya kuchoma kama sindano, yale ya juu vijani vimelala kama magamba. Mwangati mchanga huanza na sindano, ukikua unavaa magamba, na kwenye mti mmoja unaweza kukuta vyote viwili. Si msonobari hasa, ni ndugu yake wa kwetu Usambara, Shume na Magamba kule juu. Mbao zake mchwa hawazigusi, zamani zilichongwa penseli. Kwangua gome kidogo kwa ukucha, chini kwenye shina, halafu unuse. Niambie.

KijanaWaChumbageni
Nimekwangua. Chini ni kijani na kuna majimaji. Juu ni kahawia, kukavu. Na kweli harufu ni ya penseli iliyochongwa sasa hivi, kama darasa la tatu.

Fundi Mkwaju
Ndugu zake karibu wote wananukia hivyo, harufu peke yake si ushahidi, lakini kwa majani nakubaliana na Mshambaa. Habari njema ni hiyo kijani ya chini. Habari mbaya ni kwamba miti hii ni minafiki: hubaki kijani wiki kadhaa wakati mizizi ilishakufa. Ukiona juu pamebadilika, jambo lilitokea zamani.

KijanaWaChumbageni
Kwa hiyo inawezekana ulianza kufa ukiwa bado mikononi mwa Mzee!

Fundi Mkwaju
Usijifiche hapo. Mzee hakukata nusu ya mizizi.

Fanya hivi. Toa mti sebuleni, uweke nje chini ya kivuli cha mwembe, usipopiga upepo wa bahari. Ondoa ule mchanga wa Sahare bila kugusa mizizi zaidi, weka mchanga mnene wa mtoni uliochekechwa vumbi likatoka, changanya na matofali ya kuchoma yaliyopondwa na makumbi ya nazi kidogo. Funga shina kwenye sinia kwa kamba ya katani lisitikisike, mzizi mpya ukitikiswa unakatika. Usimwagilie kwa ratiba: ingiza kidole, pakikauka juu ndipo unyweshe, kwa sababu mizizi michache kwenye tope inaoza. Majani yanyunyizie mara kwa mara. Maji ya kisima kama ni ya chumvi acha kabisa, kinga ya mvua. Mbolea hakuna. Na matawi yaliyokufa usiyakate. Kwa miti ya jamii hii Wajapani huyavua gome wakayaacha meupe, yanakuwa ndiyo sura ya uzee wa mti.

Mpelelezi_Nguvumali
Sawa, picha nimeziona, narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nyingine: mwangati huo ulitoka Magamba? Maana ile ni hifadhi. Kung'oa mti humo bila kibali cha TFS, wakala wa misitu, ni kosa, Sheria ya Misitu ya 2002 iko wazi. Na wewe unataka kuuweka meza ya mbele.

KijanaWaChumbageni
Mzee alipewa na rafiki yake marehemu aliyekuwa na shamba Lushoto, ulikuwa mche wa ua wa shamba. Hivyo ndivyo alivyotusimulia.

Mshambaa_Mlalo
Inawezekana, watu huku wanayo mashambani. Ila pwani si kwao, huo ni mti wa milimani, Lushoto mjini penyewe ni kama mita 1,400. Kumbe Mzee ameutunza Tanga miaka yote hiyo! Huyo ni fundi. Halafu hao wa Dar wana mwangati gani unaofanana? Waulize jina. Wasije wakakutumia mvinje uliokatwa vizuri.

KijanaWaChumbageni
Nimewauliza. Wamesema "ni bonsai ya Japani, bosi, original".

Chumvi_Kidogo
80,000 imeenda na maji ya Urea.

Mshambaa_Mlalo
Mkuu, kama unataka, uniletee huku ukae kwenye ubaridi mpaka kusi litulie. Panda basi la Lushoto asubuhi, ukae nao mapajani, buti inachemka. Ukifika Mombo nipigie kabla hamjaanza kupanda mlima, nitakusubiri stendi. Sharti langu moja: Mzee awe anajua mti wake uko wapi. Sipokei mti wa mtu kimya kimya.

KijanaWaChumbageni
Nitampigia binti yake kwanza, yeye ndiye ajue namna ya kumwambia. Hilo la maonyesho tutaona. Alhamisi nakuja.

Ustadhi wa Mabawa
Binti si mwenye mali.

MamaNasra
Ustadhi, mwache aanze hapo. Fundi, huo mchanga wa mtoni wa kuchekecha unauzwa wapi hapa mjini?

PongweGarden
Habari wadau. Nauza bonsai za mkwaju na mbuyu, hazihitaji baridi, sinia bure. Nipo Pongwe, njoo PM.