Je, akina Stanley hawa wote ni wa ukoo mmoja?

Mtunza Faharasa:

Ndugu zangu, ninaandaa faharasa ya majina ya watu na ya mahali kwa ajili ya kitabu cha marejeo cha jiografia, na nimekwama kwenye herufi S. Chini ya jina Stanley nimekwisha kujaza kadi kumi na saba, na kila ninapodhani nimemaliza huzuka nyingine: mlima ulio mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maporomoko ya mto, mji mkuu wa visiwa vya Atlantiki ya Kusini, safu ya milima ya Papua New Guinea, bustani ya Vancouver, kombe la hoki ya barafuni. Mwanzoni niliandika kwenye kadi zote kwamba jina limetokana na Henry Morton Stanley, yule aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, kwa sababu ndiye Stanley pekee niliyefundishwa shuleni. Jana, nikiwa nimeketi na chupa ya chai mkono wa kulia na tepu ya kupimia mkono wa kushoto, niliona kwamba vyote viwili vimeandikwa Stanley, nikaanza kuzitilia shaka kadi zangu zote. Je, watu hawa ni wa ukoo mmoja? Na kama sivyo, mtu anawezaje kuwatenganisha bila kubahatisha?

Msoma Ramani:

Ndugu Mtunza Faharasa, yafute kwanza hayo uliyoyaandika, kwa maana baadhi ya mahali ulipopataja palipewa jina kabla mpelelezi huyo hajajulikana na mtu yeyote. Njia iliyo salama ni kuuliza mambo mawili: jina lilitolewa mwaka gani, na aliyelitoa alikuwa akitaka kumpendeza nani.

Chukua mji wa Stanley katika Visiwa vya Falkland. Uamuzi wa kuhamishia makao ya serikali mahali hapo ulifanywa mwaka 1843, na serikali ikahamia mwaka 1845. Mwaka huo wa 1843 Henry Morton Stanley alikuwa mtoto wa miaka miwili huko Wales, na wala hakuwa akiitwa Stanley. Aliyepewa heshima hiyo ni Lord Stanley, yaani Edward Smith-Stanley, Waziri wa Vita na Makoloni wa Uingereza kuanzia mwaka 1841 hadi 1845, ambaye baadaye, akiwa Earl wa 14 wa Derby, alishika uwaziri mkuu mara tatu. Maofisa waliokuwa ng'ambo walijua fika ni nani anayezisoma barua zao, na ndiyo sababu waziri huyo huyo ana Stanley nyingine Hong Kong na nyingine Tasmania. Ukikutana na Stanley iliyozaliwa katika miaka ya 1840 kwenye koloni la Mwingereza, mshuku waziri huyu kabla ya kumshuku mtu mwingine.

Bustani na kombe ni vya mwanawe, Frederick Stanley, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada kuanzia 1888 hadi 1893. Bustani ya Vancouver ilifunguliwa mwaka ule ule alioingia madarakani. Kombe lenyewe, ambalo mwanzoni lilikuwa bakuli la fedha tu, alilitoa mwaka 1892 kwa ajili ya mabingwa wa hoki ya barafuni wa Kanada, na likashikwa na mabingwa wa kwanza mwaka uliofuata, ambao ndio mwaka aliorudi kwao kurithi cheo cha Earl wa Derby baada ya kifo cha kaka yake.

Niruhusu nichepuke kidogo, kwa kuwa ukoo huu umeingia vinywani mwetu bila sisi kutambua. Mbio za farasi za Derby, zilizoanza Epsom mwaka 1780, zilipewa jina la cheo cha Earl wa 12, ambaye naye ni Edward Smith-Stanley, babu wa yule waziri. Kutoka kwenye mbio hizo neno likasambaa katika michezo mingine, hata leo watangazaji wa soka wanatangaza dabi kwa sauti kubwa bila kujua kwamba wanakitaja cheo cha akina Stanley.

Safu ya milima ya Papua New Guinea ni habari nyingine. Hiyo ni ya Owen Stanley, nahodha wa meli ya kifalme ya Rattlesnake aliyepima pwani ile na kufariki mwaka 1850. Yeye alitoka kwa akina Stanley wa Alderley, tawi lililojitenga na lile la Derby tangu karne ya 15. Ni ndugu wa mbali, lakini ndugu. Wasomaji wengi watakuwa wameikuta safu hiyo katika habari za Vita Kuu ya Pili, kwa sababu njia ya Kokoda, walikopigana Waaustralia na Wajapani mwaka 1942, inaikata safu hiyo.

Bibi Mkutubi:

Maelezo ya Msoma Ramani ni sahihi, nami ningependa kuongeza habari za Stanley yule unayemfahamu, kwa sababu ndiye pekee katika orodha yako ambaye jina hilo hakuzaliwa nalo. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaandikwa John Rowlands, mtoto wa mama asiyeolewa, na utoto wake mwingi ukapita katika makao ya mafukara ya St Asaph. Mwaka 1859 alivuka bahari akiwa baharia mdogo, akashuka New Orleans, na huko akalichukua jina la mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley. Mwenyewe alisimulia kwamba tajiri huyo alimpenda na kumfanya mwanawe. Waandishi wa baadaye wa maisha yake wamelitilia shaka sana simulizi hilo. Jina la Morton alilijazia baadaye. Kwa hiyo kadi yake isiunganishwe kwa mstari wowote na kadi za akina Derby, hata kama mtu atakuambia kwamba Waingereza wote wenye jina moja ni ndugu.

Jina lenyewe lilikuwa la mahali kabla ya kuwa la watu. Katika Kiingereza cha kale linaunganisha maneno mawili, jiwe na uwazi wa msituni, na uwazi wenye mawe uko katika vijiji vingi. Familia mbili zilizotoka katika vijiji viwili tofauti zingeweza kuitwa Stanley pasipo tone la damu ya pamoja.

Kuna siku moja, hata hivyo, ambapo Stanley wa kuzaliwa na Stanley wa kujitwalia jina walisimama kwenye jeneza moja. Mwili wa Livingstone, uliobebwa na Chuma, Susi na wenzao hadi Bagamoyo, ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Aliyeongoza ibada alikuwa Arthur Penrhyn Stanley, mkuu wa kanisa hilo, ambaye ni ndugu wa tumbo moja na nahodha Owen wa Papua New Guinea. Na miongoni mwa waliolisindikiza jeneza alikuwamo Henry Morton Stanley, pamoja na Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekuwa ameufuata mwili huo tangu bara. Faharasa isiyo makini ingewaunganisha hao wawili wakawa mtu mmoja, nami nimewahi kuikuta faharasa ya namna hiyo.

Fundi Randa:

Mimi ni seremala, kwa hiyo nitajibu la tepu na chupa, ambalo wenzangu wameliruka. Tepu yako inatoka katika kampuni iliyoanzishwa na Frederick Trent Stanley mwaka 1843 katika mji wa New Britain, jimbo la Connecticut nchini Marekani, naye alianza kwa kutengeneza makomeo na bawaba za milango. Randa za chuma ambazo sisi mafundi tunaziita Stanley zilitoka katika kampuni ya pili ya mji huo huo, iliyoundwa na jamaa zake mwaka 1857 kwa ajili ya rula na pima maji, na kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1920. Ninayo randa moja ya aina hiyo niliyoirithi. Sehemu iliyopakwa rangi imebabuka yote, lakini jina lililopigwa kwenye bapa lake bado linasomeka ukiigeuza kuelekea mwangani.

Chupa ya chai haina uhusiano wowote na kiwanda hicho. Hiyo ni ya William Stanley, fundi wa umeme aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1858. Mwaka 1886, katika mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts, aliwasha taa za maduka kwa umeme wa mkondo geu uliopita kwenye transfoma alizozitengeneza mwenyewe, na kila transfoma unayoiona juu ya nguzo leo ni mjukuu wa kazi ile. Chupa ya chuma isiyovunjika, yenye kuta mbili na ombwe katikati, aliibuni mwaka 1913, miaka mitatu kabla ya kufa kwake. Kwa maoni yangu inasikitisha kwamba mtu aliyewezesha umeme kusafiri mbali anakumbukwa kwa kuhifadhi joto la chai.

Wapo pia mapacha Francis na Freelan Stanley wa jimbo la Maine, waliotengeneza magari ya mvuke. Mwaka 1906 gari lao lilifikia kasi ya takriban kilomita 205 kwa saa, na Freelan akajenga hoteli Colorado iliyofunguliwa mwaka 1909. Usiichanganye na hoteli ya Stanley ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1902 na yenye jina la mpelelezi.

Mzee wa Mtoni:

Wajukuu zangu, mmemaliza Amerika na Uingereza lakini Kongo mmeiacha, na huko ndiko jina hili lilikoandikwa kwa wino mzito kuliko kokote, kisha likafutwa. Mji uliokua kutokana na kituo alichokianzisha Stanley mwaka 1883 uliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, ulipoitwa Kisangani. Maporomoko ya Stanley sasa ni Boyoma, nayo si poromoko moja bali ni saba yaliyotawanyika katika mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Chini ya lile la mwisho Wagenya bado wanasimika miti ndani ya maji yaendayo kasi na kuning'iniza madema makubwa yenye umbo la pia, kisha wanapanda juu ya miti hiyo kuyavuta samaki walipoingia. Ziwa la mto lililoitwa Stanley Pool, ambalo Kinshasa na Brazzaville zinatazamana juu ya maji yake, ni Pool Malebo. Katika faharasa, andika jina la sasa kwanza, na la zamani lielekeze huko.

Mlima ndio unaohitaji uangalifu. Stanley aliiona theluji ya Ruwenzori, safu ambamo mlima huo umo, mwaka 1888, lakini mlima wenyewe hakuupanda wala hakuupa jina lake. Aliyeuita Mlima Stanley ni Luigi Amedeo, mwanamfalme Mwitalia mwenye cheo cha Mtawala wa Abruzzi, alipofika juu mwaka 1906, wakati Stanley alikuwa amekwisha kufa miaka miwili kabla. Na kilele chake kirefu, chenye mita 5,109, akakipa jina la malkia wa kwao, Margherita. Upande wa Kongo mlima huo umeitwa pia Ngaliema. Watu husema kwamba huko ni kurudisha jina la kienyeji, nami sikubaliani nao. Ngaliema alikuwa chifu aliyepatana na Stanley kule Pool Malebo, zaidi ya kilomita 1,000 magharibi ya Ruwenzori, na Wakonzo wanaoishi chini ya theluji ile hawakuwa watu wake. Jina la mgeni mmoja limebadilishwa kwa jina la mgeni mwingine aliye jirani kidogo.

Mtunza Faharasa:

Shikamoo, Mzee wa Mtoni, na ninawashukuru nyote. Nimezipanga kadi upya katika mafungu: la Derby, la Alderley, la New Britain, la William peke yake, la mapacha, na la Henry Morton Stanley. Imebaki kadi moja isiyo na fungu. Imeandikwa "Bula Matari, tazama Stanley", na sikumbuki niliitoa wapi.

Bibi Mkutubi:

Hiyo ni ya Henry Morton. Ni jina la Kikongo lenye maana ya mvunja mawe, alilopewa wakati watu wake walipokuwa wakipasua miamba ili kufungua njia kando ya maporomoko ya Kongo ya chini, na baadaye Wakongo waliiita serikali yote ya kikoloni kwa jina hilo, kwa hiyo kadi inahitaji maana mbili. Alipofariki mwaka 1904 alinyimwa nafasi Westminster Abbey, akazikwa Pirbright, Surrey, chini ya jiwe kubwa lisilochongwa. Jina la John Rowlands halimo katika maandishi yake. Limeandikwa Henry Morton Stanley, chini yake Bula Matari, kisha miaka, kisha Africa.