Naombeni ushauri: kongamano la chuo limebaki wiki tatu na data zangu za bahari zinanikana

mtoto_wa_Karanga (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Niko nyumbani Moshi likizo fupi ila sina raha hata kidogo, nimeona nilete kwenu maana hapa nikianza kueleza mama ananisikiliza mpaka kwenye neno chumvi halafu anainuka kwenda kuangalia maharage.

Iko hivi. Nasoma sayansi ya viumbe wa bahari mwaka wa mwisho, chuo sitakitaja. Dipatimenti yetu ina kongamano la wanafunzi kuonyesha tafiti zao, wengine wanapanda jukwaani dakika kumi, wengine tunapewa nafasi ya bango unasimama pembeni yake kama muuza mitumba, maprofesa na wageni wanapita wanakuuliza. Mimi ni wa bango.

Utafiti wangu ni mto Pangani pale unapoingia baharini. Nilitaka kujua chumvi inapanda mto mpaka wapi wakati wa kiangazi na mpaka wapi mvua zikiwepo, na mikoko ipi inaota wapi. Vituo vitano kuanzia mdomoni kwenda juu, safari nne, Agosti, Septemba, Novemba na Januari, kwa mtumbwi wa mzee mmoja wa pale. Unachota maji, unaweka tone kwenye kioo cha refraktomita, unafunika, unachungulia kuelekea kwenye mwanga, pale bluu inapokutana na nyeupe ndio namba yako. Bahari yenyewe inasoma kama 35, yaani gramu 35 za chumvi kwenye kilo ya maji.

Wazo lilikuwa jepesi tu, kiangazi mto unakonda kwa hiyo bahari inapanda. Tena nikaandika hivyo hivyo kwenye ikisiri (muhtasari wa utafiti), niliituma kabla sijamaliza safari, kwa kujiamini kabisa, na imeshachapwa kwenye kitabu cha kongamano. Sasa angalieni kituo cha nne. Agosti chumvi ilisoma 14. Septemba, kukavu mpaka vumbi, 6. Novemba vuli imeanza, 15!! Januari 7. Nimekaa na hizi namba hadi usiku wa manane naziangalia tu.

Rumeti wangu anasema badilisha Septemba na Novemba, nani atajua. Supavaiza yuko kisiwani hapatikani mpaka wiki ijayo. Na baba mdogo aliyenilipia ada amesema lazima aje na mama, anataka "kuiona hiyo bahari niliyoigharamia". Nifanyeje jamani, nijitoe nisingizie kuumwa? au nisimame na bango linalobishana na ikisiri yangu mwenyewe?

Kichwa_Kigumu_AR

Mangi na bahari wapi na wapi 😂😂 ungekuwa na kibanda chako soko la Memorial sasa hivi unauza jinzi. Ila siriasi dogo usibadilishe namba. Huyo rumeti siku wakikubana hatakuwepo.

Nahodha_Mstaafu

Kijana hujambo. Mimi ni mtu wa Pangani nimehamia Arusha kwa mwanangu, baridi ya huku inaniua lakini nasoma. Swali moja tu kabla watu hawajakupa ushauri mrefu. Hizo safari nne ulikwenda bamvua au maji mafu?

mtoto_wa_Karanga

Shikamoo mzee. Kusema kweli sijui bamvua ndio nini. Darasani tumesoma mambo ya kupwa na kujaa ila yote kwa Kiingereza. Safari nilipanga kutokana na bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi), likiingia naenda, lisipoingia nakaa.

Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Ndio nilihisi. Sikiliza, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku hizo na siku mbili tatu baada yake, bahari inajaa sana na inapwa sana, hiyo ndio bamvua, pale kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu maji yanakuwa mavivu, hayaji mbali wala hayatoki mbali, hayo maji mafu. Sasa siku ya bamvua maji yakijaa ule mto unaugeuza, unaona kabisa magogo yanarudi juu kuelekea ulikotoka mto, hata kama mvua inanyesha. Wewe umepima mwezi wa angani ukadhani umepima mwezi wa kalenda. Chukua tarehe zako utazame. Na saa pia, maana kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini, ukienda saa nne leo na saa nne wiki ijayo unakuta bahari nyingine kabisa. Huyo mzee wa mtumbwi hakukwambia?

mtoto_wa_Karanga

Alikuwa ananiambia "leo maji mabaya" mimi nikadhani anataka kuongezewa hela 😭

Kichwa_Kigumu_AR

😂😂😂😂 uchaga huo

Mwl_wa_Maabara

Nahodha kamaliza kazi, mimi naongezea vitu vichache vya maabara, nimekaa sana kwenye meza za kusahihisha mabango ya wanafunzi.

Ulichota juu au chini? Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto, kwa hiyo yanapenda kupita chini. Siku za maji mafu mchanganyiko unakuwa mdogo, unaweza kuchota juu ukapata maji yanayokaribia kukosa chumvi kumbe chini ya mtumbwi kuna chumvi imelala. Kama ulichota kwa ndoo basi ulipima ngozi ya mto. Sio dhambi, ila liandike kwenye bango, "maji ya juu tu". Halafu refraktomita uliiweka sifuri kwa maji yaliyokenekwa (distilled) kila asubuhi? Watakuuliza hilo mapema kabisa, ujibu bila kujiuma.

Jambo la tatu, wewe unasema kiangazi mto unakonda kana kwamba mvua ndio inaamua peke yake. Mto huo una bwawa la Nyumba ya Mungu katikati, halafu kuna mitambo ya umeme ya Hale na Maporomoko ya Pangani, maji yanayofika mdomoni yanategemea pia yaliyofunguliwa na yaliyochukuliwa njiani. Mimi ningekuwa jaji ningekuuliza hapo hapo una takwimu za mtiririko wa mto kwa siku ulizokwenda au unakisia.

Ikisiri isikutishe. Ikisiri ni ahadi uliyoitoa ukiwa bado gizani na kila mtu kwenye ukumbi ule anajua. Weka mstari mmoja juu ya bango, kwamba matokeo yamebadilika tangu ikisiri itumwe na kwa nini. Hakuna profesa atakayekukasirikia. Atakayekasirika ni yule atakayeomba kuona daftari lako la porini akakuta Septemba limeandikwa 6 na bango linasema 15, na wengine huwa wanaomba kweli, mimi nilikuwa naomba.

pesa_haina_kwao

Sasa hizi tafiti zinatusaidia nini sisi wananchi?? Kijana wa Kilimanjaro anakwenda kuonja maji ya Pangani, sukari bei gani? Nchi hii bwana

Mzee_wa_Chekereni

Wewe pesa_haina_kwao unaishi wapi? Mimi ni mkulima wa mpunga huku Chekereni. Maji tunayogombania usiku na tochi, huyu kafungua mfereji huyu kafunga, ni hayo hayo anayopima huyu mtoto. Wenzetu wa huko juu wana mifongo, mifereji ya asili, tangu enzi za mababu, chini yetu kuna miwa Arusha Chini, kisha Nyumba ya Mungu kuna wavuvi wa perege, kisha umeme, kisha Korogwe, ndio yafike kwa hao wa Pangani. Wa mwisho akisema visima na minazi vinaingiwa na chumvi sisi wa juu tunasema anadeka. Basi ni vizuri mtu aende na kifaa apime.

Mwanangu, huyo baba mdogo na mama usiwaeleze habari ya chumvi kwanza. Waanzishie na mto Karanga wanaouvuka kila siku. Waambie Karanga na Weruweru zinakwenda Kikuletwa, Kikuletwa inakwenda Nyumba ya Mungu, na hapo ndipo mto unapoanza kuitwa Pangani. Mama yako akijua kwamba maji aliyofulia yatafika kule, atasimama kwenye bango lako kuliko hao maprofesa.

Kichwa_Kigumu_AR

Mzee ata Themi yetu hii ya Arusha inayopita mjini na machupa ya plastiki nayo inaingia Kikuletwa. Yaani chupa yangu ya juzi iko njiani inaenda kwenye kongamano la dogo

Dada_wa_Sakina

Naongea kama mtu nliyewahi kusimama na bango kubwa la A0 masaa manne na viatu vya kuazima. Usijaze maneno!!! watu wanaweka ripoti nzima pale kwa maandishi ya mchwa, mtu anasoma mistari miwili anakwenda kwenye chai. Weka mchoro mmoja mkubwa katikati. Mto wote kutoka mlimani hadi baharini, halafu vituo vyako vitano, basi. Unajua yule dada wa makumbusho East London kule Afrika Kusini mwaka 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, alipomkuta samaki wa ajabu kwenye shehena ya wavuvi hakujua ni nini, alichofanya akamchora akamwandikia barua Smith aliyekuwa mtaalamu wa samaki, na ule mchoro tu, wa kalamu, ndio ulimshtua mtu akajua huyu ni wa jamii iliyodhaniwa imetoweka zamani za dinosaria. Silikanti huyo. Na hapo kwetu Tanga wavuvi wamekuwa wakimnasa mpaka ikawekwa hifadhi yake. Mchoro jamani.

Kitu kingine, lete jani. Siongei utani. Chukua tawi la mchu, ule mkoko ambao majani yake yanatoa chumvi, ukilamba unaisikia. Mtu akifika kwenye bango lako mpe alambe jani, hatakusahau. Sisi tulikuwa na mwenzetu alileta kaa kwenye besheni, akatoroka ukumbini (kaa sio mwenzetu), mpaka leo anakumbukwa yeye tu.

Na bango chapa kwenye kitambaa unakunja kwenye begi kama kanga. La karatasi ukipanda nalo basi kutoka Moshi hadi pwani linafika kama chapati. Ukikosa kitambaa nunua bomba la plastiki la maji la inchi nne hadweya, kata urefu unaotaka, ziba huku na huku.

pesa_haina_kwao

Nimemuelewa mzee wa Chekereni. Ila sukari bado bei juu

mtoto_wa_Karanga

Wakuu nimerudi. Samahani jana umeme ulikatika.

Nimekaa na daftari na kalenda ya mwezi kwenye simu. Agosti, siku moja baada ya mwezi mpevu. Novemba, mwezi ulikuwa umeandama juzi yake. Septemba na Januari zote mwezi nusu. Yaani bamvua mbili na maji mafu mbili bila mimi kujua, na namba zimejipanga zenyewe, 14 na 15 huku, 6 na 7 kule. Nilipiga kelele mama akadhani nimeng'atwa na kitu. Nahodha Mungu akuweke.

Saa niliandika, bahati nzuri, na zote nne zilikuwa maji yanajaa, karibu yafike mwisho, kwa sababu mzee wa mtumbwi alikataa kunipeleka maji yakipwa tungekwama kwenye matope. Kwa hiyo kumbe alikuwa ananisaidia huku namnunia. Nilichota juu tu kwa ndoo, hilo nimeshaliandika. Sifuri niliweka kila safari isipokuwa Agosti niliweka jioni badala ya asubuhi, nalo nitalisema nikiulizwa. Mtiririko wa mto sina mwalimu, nilikuwa nakisia.

Kwa hiyo kiangazi na mvua siwezi kusema chochote kwa safari nne. Kichwa cha bango nimebadilisha, sasa ni bamvua na maji mafu. Supavaiza amepatikana kwa simu mtandao unakatika katika, nikamweleza, kimya, nikadhani imekata, kumbe anacheka. Akaniuliza nani kakufundisha. Nikasema nahodha mmoja yuko Arusha anasikia baridi. Kasema nimwandike kwenye shukrani, Nahodha nitakutumia ujumbe unipe jina unalotaka liandikwe.

Jioni nikamtandikia mama rasimu sakafuni, karatasi za A4 nimeziunga kwa gundi ya karatasi, mto wote toka mlimani. Akaacha kuchambua mchele akainama, akafuatisha na kidole, Nyumba ya Mungu, Korogwe, Hale, mpaka baharini, akarudi juu tena akatafuta akatafuta. Akaniuliza, "Karanga iko wapi?" Nilikuwa nimechora Kikuletwa na Ruvu tu nikaona inatosha. Akachukua kalamu akaichora mwenyewe, imepinda vibaya na imepita sehemu ambayo sio, halafu akaweka alama ya nyumba yetu.

Nimeiacha. Nitaisogeza kidogo tu ikae mahali pake. Sasa anayejua steshenari hapa Moshi mjini inayochapa A0 kwenye kitambaa aje inboksi, na kama kuna mtu yuko Pangani wiki ijayo anikatie tawi la mchu, nauli ya basi natuma.