Tupeane uzoefu: rejesho limefika na nyumba haina mpangaji

Paa Moja:
Wakuu, mpangaji wa nyumba yangu ya mkopo ameniandikia sasa hivi, anahama mwisho wa mwezi. Kodi yake ndiyo inayolipa rejesho, sina chanzo kingine. Siku ya kusaini, ofisa mikopo aliniambia "nyumba itajilipa yenyewe". Mliokopa kununua nyumba za kupangisha, hapa mlipitaje?

Hati Mkononi:
Itajilipa yenyewe! Niliambiwa hivyohivyo. Nikakaa miezi minne bila mpangaji, akiba ya ada za watoto ikaishia kwenye marejesho.

Bi Subira:
Kauli hiyo imenitonesha kidonda. Sisi tulikuwa na nyumba tuliyokwisha kuilipa, tukaiweka dhamana tukanunua jengo la vyumba sita. Riba ilikuwa ya kupanda na kushuka, na miaka mitatu ya mwanzo tulilipa riba tupu, deni lenyewe hatuligusi. Rejesho dogo, tukadhani tumelamba dume. Mwaka wa nne riba ikawa imepanda na deni lenyewe likaanza kudaiwa, vyote kwa mpigo. Rejesho likaongezeka kwa zaidi ya nusu. Mwezi huohuo bomba la juu likapasuka, wapangaji wawili wakahama.

Mume wangu akaacha kufungua barua za benki. Alizipanga juu ya friji, zote zimefungwa. Nilikuwa nazifuta vumbi nikisafisha na sikuwahi kuuliza. Siku moja natoka kazini nakuta karatasi mlangoni, imebandikwa upande, gundi bado mbichi, imechuruzika mpaka kwenye kitasa. Mnada. Tena si wa lile jengo, ni wa nyumba tunayoishi. Niliibandua haraka kabla watoto hawajarudi, rangi ya mlango ikatoka nayo. Usiku nikazifungua barua zote sakafuni. Ya tatu kutoka chini ilikuwa inatuita tukazungumze, tupangiwe upya marejesho. Ilikuwa na miezi saba.

Nilikwenda benki mwenyewe asubuhi. Nikaomba tuuze jengo sisi wenyewe, wakatupa wiki sita. Tuliuza kwa hasara, deni likaisha, nyumba ikabaki.

Hati Mkononi:
Miezi saba juu ya friji. Pole sana dada.

Tofali:
Mume ndiye aliyewaponza. Mwanaume unafichaje barua?

Bi Subira:
Kaka, hakuzificha. Zilikuwa mbele ya macho yangu pia. Alikuwa amelemewa, naomba tusimseme.

Salio:
Tuiache ndoa ya watu. Wengi hatujui rejesho linakatwaje. Chukua kila 100 uliyokopa, riba 12% kwa mwaka, miaka 20. Unalipa takribani 1.10 kila mwezi, na mwezi wa kwanza 1 nzima inamezwa na riba. Baada ya miaka 5 umeshatoa 66 na bado unadaiwa karibu 92! Lakini ukilipa 1.20 tangu mwanzo badala ya 1.10, mkopo unaisha kwa miaka 15. Kwa hiyo ongezeni kila mwezi, hata kidogo.

Ngazi:
Sikubaliani na Salio. Hela ukishaipeleka benki hairudi mpangaji akihama. Weka kwanza akiba ya marejesho 6, ndipo uongeze. Na someni mkataba, ipo mikopo inayotoza faini ukilipa kabla ya muda.

Salio:
Akiba inayolala inaingiza riba ndogo kuliko unayotozwa. Unapata hasara kila siku.

Ngazi:
Umewahi kukaa na nyumba tupu?

Salio:
Mara mbili mkuu. Kote niliokolewa na deni kuwa dogo, benki wakakubali kunipunguzia rejesho.

Ngazi:
Mimi niliokolewa na akiba. Benki yangu ilikataa.

Faranga:
Nyongeza: usikope kwa sarafu ambayo wapangaji hawakulipi. Januari 2015 Uswisi iliacha kuizuia faranga yake isipande dhidi ya yuro. Watu wa Polandi waliokopa nyumba kwa faranga waliona deni limevimba ndani ya siku moja, hata wale ambao hawajawahi kuchelewesha rejesho.

Tofali:
Paa Moja, shusha kodi kidogo umbakize huyohuyo.

Hati Mkononi:
Usishushe! Ukishusha leo, kuipandisha tena ni kazi. Bora uhamie humo mwenyewe, upangishe unapokaa. Naandika nikitabasamu, ila mimi nilifanya hivyo kweli na nikalipa mwaka mzima.

Paa Moja:
Nimeutoa mkataba kabatini, mara ya kwanza tangu nisaini. Faini ya kuchelewa inahesabiwa kila siku, sikujua. Nina rejesho moja tu mkononi. Kesho benki ikifunguliwa niko mlangoni. Bi Subira, wewe ulianzaje kuzungumza nao?

Bi Subira:
Anza na tarehe. Waambie kodi ya mwisho inaingia lini na rejesho litakalokushinda ni la mwezi gani. Beba mkataba wa mpangaji na huo ujumbe wake wa kuhama. Wakikuuliza unaweza kulipa kiasi gani kipindi hiki, taja ulichonacho, usitaje unachokitegemea. Na wakikubali chochote, usiondoke mpaka wakupe kwa maandishi.