Mnatuuzia akropora zenye mayai ya minyoo bapa halafu mnasema "tumezichovya". Imetosha!

Wakuu salaam,

Nimekuja na hasira na sitaificha. Uzi ni mrefu. Kama hufugi matumbawe, pita tu. Ila kama una tangi la maji ya chumvi sebuleni, hasa sisi tulio huku Uingereza tunaonunua vipande dukani au kuletewa kwa posta, usinunue akropora (yale matumbawe magumu yenye matawi) nyingine kabla hujausoma.

Kuna duka ambalo nimekuwa mteja wake kwa muda mrefu. Jina naliacha, maana tabia ninayoisema haiko kwao peke yao. Nilikwenda kuchukua vipande vya akropora, vile vilivyokwisha kutambaa hadi vikafunika kitako chote (kile kijiwe ambacho kipande hubandikwa juu yake), ambavyo wanavipandishia bei kwa kuwa eti "vimeshazoea tangi". Kabla sijalipa nikauliza waziwazi: mfumo wenu una minyoo bapa? Nikajibiwa, "Hapana kaka, kila kinachoingia hapa tunakichovya." Nikalipa.

Vikaingia tangi la karantini, kama kila kiumbe kinachoingia kwangu, hata konokono wa kula mwani. Nikavichovya dawa siku ileile. Hakikudondoka kitu. Baada ya wiki kadhaa upande wa chini wa matawi ukaanza kupauka, madoa ya duara, moja baada ya jingine, pale kivulini ambapo mtu akisimama mbele ya kioo haoni. Nikachukua bomba la mpira nikapuliza maji kwa nguvu kwenye shina. Wakatoka wakipeperuka, wembamba, karibu uwazi, rangi ileile ya tumbawe walilokuwa wakilila. Nikageuza kitako na kukikagua kwa kioo cha kukuzia: mayai, safu kwa safu, ya kahawia, yamebandikwa kwenye mfupa mkavu pembeni mwa nyama hai.

Nikarudi dukani na picha. Mnajua nilichoambiwa? "Hao umewatoa kwako. Sisi hatuna." Nimesimama mbele ya tangi lao la maonyesho, naliona tumbawe kubwa lenye madoa yaleyale ya duara chini ya matawi, mtu ananiambia hana! Nikaomba walipulizie maji mbele yangu tuone. Wakakataa. Kisha likaja lile neno: viumbe hai havina dhamana.

Sasa tuelewane kuhusu hili neno "tumezichovya", kwa sababu ndilo linalowamaliza wafugaji wageni.

Mnyoo huyu alikuwa akisumbua matangi ya watu muda mrefu kabla sayansi haijampa jina. Alielezwa rasmi mwaka 2011 kama Amakusaplana acroporae, siku hizi anaitwa Prosthiostomum acroporae, na mwaka 2012 iliripotiwa kwamba ameonekana baharini kwenyewe, kwenye Great Barrier Reef kule Australia. Anakula akropora. Rangi anayoivaa anaipata kwenye nyama anayokula, pamoja na ule mwani mdogo wa kijani-kahawia unaoishi ndani ya tumbawe na kulilisha, ndiyo maana unaweza kumtazama usimwone. Dawa za kuchovya, ziwe za iodini, za mafuta ya mimea, au levamisole (ndiyo, ile ile ambayo wafugaji wetu wanawanywesha mbuzi), zinamlevya mnyoo mkubwa akaachia. Yai haziliui. Kifuko cha yai ni kigumu, na kifuko kimoja kinabeba zaidi ya kiinitete kimoja. Mayai hayaanguliwi mara moja, na maji yakiwa baridi zaidi yanakawia zaidi.

Kwa hiyo duka linalochovya mara moja na kutundika tangazo la "safi" limefanya nini? Limeondoa minyoo wakubwa ambao mteja angewaona, likamwachia mayai ambayo hawezi kuyaona. Ni kupuliza dawa ya mbu chumbani huku dimbwi liko mlangoni. Tena nasema mteja anadhurika zaidi kuliko kama wasingechovya kabisa, maana angalau mnyoo mkubwa angeanguka kwenye ndoo yake siku ya kwanza, akajua anapambana na nini.

Na wanajua! Hakuna mtu aliyeuza akropora miaka mitano asiyejua habari ya mayai. Utaratibu unaofaa unajulikana: kata tawi juu ya sehemu iliyotambaa, kitako cha zamani tupa, bandika kwenye kitako kipya kwa gundi, kagua mfupa wote ulio wazi, kwangua mayai kwa wembe, kisha chovya kila wiki kwa wiki sita hadi nane bila kuruka, ili kila kinachoanguliwa kikutwe kabla hakijakomaa na kutaga. Kazi ndiyo, inachosha, lakini haina siri yoyote. Duka halitaki kuifanya kwa sababu tangi la karantini linakula nafasi, taa na umeme, na kipande kilichokaa miezi miwili hakiingizi hela. Kwa hiyo karantini wanaihamishia nyumbani kwako, kwa gharama yako, na bei hawapunguzi.

Niseme na hili la dhamana, kwa sababu wengi wetu tukiambiwa "hakuna dhamana" tunainamisha kichwa tunaondoka. Hapa Uingereza kuna Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015. Bidhaa anayokuuzia mfanyabiashara lazima iwe na ubora unaoridhisha na ilingane na maelezo aliyokupa. Kiumbe hai kimo. Akikwambia "haina minyoo" na ina minyoo, hailingani na maelezo. Una siku 30 za kuikataa urudishiwe hela, na hata zikipita, ukidai abadilishe au arekebishe, kasoro iliyojitokeza ndani ya miezi 6 inahesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo hadi yeye athibitishe vinginevyo. Kibao alichobandika ukutani hakiwezi kuifuta sheria hiyo. Kwa hiyo lile jibu la "umewatoa kwako" yeye ndiye wa kulithibitisha. Weka risiti, piga picha zenye tarehe, na majibu yao yaombe kwa maandishi.

Ila msitegemee mkaguzi atapita dukani kuwatetea matumbawe. Leseni ya kuuza wanyama wa kufugwa hapa England inahusu wanyama wenye uti wa mgongo. Samaki wamo, tumbawe halimo. Na matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, lakini kibali kinaangalia spishi na idadi. Hakuna anayegeuza kitako kutafuta mayai. Mnyama huyu analindwa na mkataba wa dunia nzima mpaka afike dukani, kisha anaachwa aliwe polepole kwenye rafu huku amebandikwa bei ya paundi 50. Hilo linanikera kuliko hela yangu.

Maana kuna watu nikilalamika wananijibu "si jiwe tu hilo, nunua lingine". Si jiwe! Ni mnyama, ni maelfu ya wanyama wadogo waliojenga nyumba moja. Mimi ni mtu wa pwani. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipopita, matumbawe yalipauka na kufa kwa wingi kutoka Kiunga mpaka Mafia, na akropora zilikuwa kati ya zilizoumia zaidi. Waliokuwa wakivua na kuzamia miaka ile wanajua mwamba ulivyogeuka kifusi kilichoota mwani. Mtu aliyeshuhudia hayo hawezi kutazama tumbawe zima, lenye afya, lililosafirishwa nusu ya dunia, likiliwa na minyoo kwa uzembe wa mtu, akanyamaza.

Nina hasira pia na sisi wenyewe humu jukwaani. Mgeni akiuliza, jibu la kwanza ni "chovya tu mkuu, utakuwa salama". La pili ni "weka samaki wa kula wadudu, atamaliza". Kuna samaki kweli wanaookota minyoo bapa, wale jamii ya pono wadogo wa rangi ya njano au wenye mistari, na ni vizuri kuwa nao. Lakini hawaingii kwenye nyufa za shina na mayai hawayamalizi. Wanapunguza idadi, dalili zinajificha, wewe unafikiri umepona, halafu unawakatia wenzako vipande na kuwagawia. Hivi ndivyo minyoo inavyosafiri kutoka nyumba hadi nyumba. Na anayejua tangi lake lina minyoo akauza vipande bila kusema, simwoni tofauti na lile duka.

Halafu hili la hatari. Wiki iliyopita nimesoma mtu humu akimshauri mwenzake ambaye jiwe lake limejaa viumbe asivyovitaka "litoe ulisugue kwa brashi, au lichemshe". ACHENI USHAURI HUO. Zoa nyingi (wale jamaa wa matumbawe wenye mwili laini wanaoota juu ya mawe), hasa za jenasi ya Palythoa, zina palitoksini, moja ya sumu kali zinazojulikana. Kusugua kunairusha, kuchemsha kunaipeleka hewani pamoja na mvuke, na ukiivuta inakulaza wewe na watoto wako. Mwaka 2018 pale Steventon, Oxfordshire, familia ilipelekwa hospitali baada ya matumbawe kusafishwa ndani ya nyumba. Glavu, miwani, dirisha wazi, jiwe libaki chini ya maji, na maji ya moto kamwe.

Ninachodai si kikubwa. Muuzaji aseme ukweli kuhusu mfumo wake: mara ya mwisho kuona minyoo bapa, konokono wasio na gamba wanaokula montipora (tumbawe gumu jingine), au wale chawa wekundu wa akropora ilikuwa lini, na alifanya nini. Kipande kiuzwe kimekatwa na kubandikwa kwenye kitako kipya. Mteja akiomba tumbawe lipuliziwe maji mbele yake kabla ya kulipa, lipuliziwe. Anayekataa hilo la mwisho, ondoka na hela yako.

NYONGEZA: Nimesoma majibu, nashukuru, hata kwa walionitukana.

Aliyesema "kila tangi lina wadudu, zoea": hapana. Aiptasia, yule anemoni mdogo anayeota ovyo kwenye mawe, ninaikubali kama kero. Unaiona kwa macho, ukiikata inaota upya kutoka kwenye mabaki, inaudhi, lakini inasonga taratibu na kuna viumbe wanaoila, kamba wa jenasi ya Lysmata na yule konokono uchi wa Berghia ambaye chakula chake ni hiyo hiyo. Minyoo bapa wanaweza kumaliza tumbawe ulilolilea miaka mitatu kabla hujajua wapo. Usiyaweke kapu moja.

Aliyeuliza vidonge vya mbwa vya minyoo ya moyo: hivyo ni vya chawa wekundu, ambao ni jamii ya krasteshia. Minyoo bapa ni kitu kingine kabisa, na utaua kaa na kamba wako bure.

Dada wa Muscat aliyeandika kwamba matawi yake yamepauka kwa chini na duka limemwambia ni mwanga: dada yangu, mwanga ukizidi hupausha juu, panapopigwa na taa. Madoa ya duara chini, kivulini, ni ya kuliwa. Usiku wa leo chukua ndoo ya maji ya tangi lako, weka tumbawe humo, pulizia shina kwa nguvu pande zote, kisha mwaga maji polepole kwenye sahani nyeupe. Wakiwepo utawaona wakitambaa. Wakiwepo, toa akropora ZOTE, si hilo moja tu, uzitibu nje, na tangi kubwa likae bila akropora hata tawi moja kwa miezi miwili au zaidi ili wanaoanguliwa wafe njaa. Hawana chakula kingine. Sehemu zilizokwisha kutambaa juu ya mawe zinahesabika pia, zikwangue au zifunike kwa gundi. Tuma picha humu ukimaliza, nitazitazama.

Na duka husika, najua mfanyakazi wenu mmoja anasoma humu. Barua yangu mnayo.