Tupeane uzoefu: kurudia masomo ya kliniki kabla ya mtihani wa MD (shahada ya udaktari)

Mleta uzi
Wakuu, mitihani inabisha hodi na vyumba vya kusomea vya vyuo vya Upanga na Mikocheni, Dar, havipati usingizi. Uzi huu ni wa mbinu tu, habari za nani alipata sapu (mtihani wa marudio) tuziache kando. Taja mada, weka namba zake, onyesha watu wanapoteleza.

Zamu ya Usiku
Naanza na malaria kali, haikosekani. Wengi wanajibu "artesuneti" wakaishia hapo. Mtahini anataka namba: mg 2.4 kwa kilo, na mtoto aliye chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kilo. Saa 0, saa 12, saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza, ndipo amalizie na dozi kamili ya vidonge vya ALu (artemetha-lumefantrini) ya siku 3. Mtego uko hapa: swali linasema mgonjwa amezinduka baada ya sindano ya pili, unafanyaje? Unampa ya tatu. Sindano 3 hazipungui hata kama ameshaamka anaomba chai.

Kuchanganya nako kunaulizwa. Kichupa cha mg 60 kinatiwa ml 1 ya sodiamu baikaboneti, kitikise mpaka kiwe maangavu, kisha ongeza ml 5 za dekstrosi 5% au maji ya chumvi 0.9%. Hiyo ni ya mshipa, mg 10 kwa ml. Ya msuli unaongeza ml 2 tu, inakuwa mg 20 kwa ml. Maji ya sindano hayahusiki hapa, na ikipita saa 1 unamwaga. Jipime: mtoto wa kilo 12 anapata mg 36, yaani ml 3.6 mshipani au ml 1.8 msulini. Kama umetumia 2.4, umeshakosa kabla ya kushika sirinji.

stetho
Ongezea sukari hapo. Mtoto amepoteza fahamu au ana degedege, kabla ya porojo zote pima sukari. Chini ya 2.5 mmol/L (kwa mwenye utapiamlo mkali, chini ya 3) mpe dekstrosi 10%, ml 5 kwa kilo.

Mkunga Mzoefu
Kifafa cha mimba. Wanafunzi wanakariri "gramu 14" za magnesiamu salfeti za kuanzia bila kujua zinatokaje. Magnesiamu salfeti ya 50% ina gramu 1 katika ml 2. Vuta ml 8, ongeza ml 12 za maji ya sindano: unapata ml 20 zenye gramu 4, yaani 20%. Hizo zinapita mshipani polepole, si chini ya dakika 5. Kisha gramu 5 kila tako, ml 10 za ile 50% pamoja na ml 1 ya lignokeini 2% (dawa ya ganzi) kwenye sirinji hiyohiyo. Baadaye gramu 5 kila saa 4, tako kwa zamu, mpaka saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote lililochelewa zaidi.

Kabla ya kila dozi ya kuendeleza kagua matatu: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti likigongwa mguu unacheza, mkojo angalau ml 30 kwa saa ndani ya saa 4 zilizopita. Sababu ni kwamba dawa hutoka kwa figo. Mkojo ukikauka inajilimbikiza, goti linanyamaza kwanza, pumzi zinafuata. Kiua sumu chake ni kalsiamu glukoneti 10%, ml 10 mshipani taratibu, na kiwe mezani tangu mwanzo. Ukikisahau kwenye OSCE (mtihani wa vitendo wa vituo), maksi zimekwenda.

Na tafadhali, magnesiamu si dawa ya presha. Presha ya 160/110 inataka dawa yake, kwa mfano hidralazini mg 5 mshipani polepole.

kitanda_9
Kuna wanaosoma kwa benki za maswali za Marekani pekee. Ni nzuri kwa kufikiri, mbaya kwa dawa ya chaguo la kwanza na kwa vipimo. Sukari yao iko kwa mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L. Kreatinini zidisha kwa 88.4 upate mikromoli kwa lita. Dozi chukua kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa.

stetho
OSCE msisome kimya. Kaeni watatu: mgonjwa, daktari, na mwenye orodha ya maksi na saa ya simu. Historia chukueni kwa Kiswahili kama wodini, kuripoti kwa mtahini iwe Kiingereza. Anayesoma orodha asisaidie, hata kwa macho.

Mleta uzi
Mpango C, ule wa dripu kwa mtoto wa kuhara aliyeishiwa maji sana, mbona hamjaugusa? Mtoto wa miezi 10, kilo 8.

Zamu ya Usiku
Ringa lakteti ml 100 kwa kilo. Chini ya mwaka 1: ml 30 kwa kilo ndani ya saa 1, hapo ni ml 240, halafu ml 70 kwa kilo ndani ya saa 5, hapo ni ml 560. Kwa seti ya dripu ya matone 20 kwa ml, saa ya kwanza ni matone 80 kwa dakika, baadaye kama 37. Soma pakiti ya seti, zipo za matone 15 na za 60.

Aliyefikisha mwaka 1, ml kwa kilo ni zilezile: za kwanza ndani ya dakika 30, kisha zilizobaki ndani ya saa 2 na nusu.

Ila mwangalie kwanza. Akiwa na utapiamlo mkali, ngozi inayochelewa kurudi na macho yaliyozama vinadanganya, na dripu ya Mpango C inaweza kumzidi moyo. Huyo dripu ni kama yuko kwenye shoku tu: ml 15 kwa kilo ndani ya saa 1, Ringa yenye dekstrosi 5%, ukihesabu mapigo na pumzi kila dakika 5 hadi 10. Vyote viwili vikipanda, simamisha.

kitanda_9
Mwenye jedwali la dawa za TB za watoto kwa uzito aliweke hapa.